Maswali ya Chumba cha Pasi

Tarehe 6 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba mguu umepungua kuvimba tangu wakuwekee kiti kazini.

Simu ya wiki iliyopita ilikatika kabla sijamaliza, kwa hiyo narudia kwa maandishi. Mke wangu, Chiriku wenu, amejifungua mtoto wa kike. Mtoto mzima kabisa, ana nywele nyingi mpaka wauguzi wanamtania. Pua ni yako. Mimi nilitaka awe na pua ya upande wetu lakini sikuulizwa.

Huku hatuna mtu. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mmoja mjane, anapanda asubuhi kutusaidia kuogesha mtoto, lakini ana mambo yake. Mimi narudi karakana Jumatatu. Ndege zinatua kila siku na matairi yanalika kila siku, hakuna anayejali kwamba fundi wa matairi ana mtoto mchanga. Kampuni huwapa wafanyakazi tiketi moja kwa mwaka kwa ajili ya mzazi, na mimi nimechukua kwa jina lako. Pasipoti unayo tangu tulipooana, ule mwaka ulioahirisha kuja. Tarehe ya tiketi inasogezeka, lakini tungependa uje mapema. Hata ukija wiki ijayo hatutasema umewahi mno.

Namwachia kalamu mwenyewe.

Mama, ni mimi. Mjukuu wako huyu ana sauti kama king'ora, nadhani atanishinda mdomo. Usilete kitu chochote, lete mikono tu. Njoo upesi.

Mkweo,
Fundi


Tarehe 21 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea chumba kizima cha pasi hapa hospitali, mashine zikiwa zimezimwa. Msimamizi alifungua mlango akatukuta wote tunafuta machozi kwenye mashuka safi, akadhani kuna aliyeungua. Kwa hiyo yale mashuka ya wodi ya wanaume tumeyafua upya, na hakuna aliyelalamika.

Nitakuja. Nani atakataa kumpakata mjukuu wake wa kwanza? Ila lazima kwanza nipate mtu wa kushika nafasi yangu, maana hawa nikiwaacha wenyewe watakunja foronya kama magazeti.

Sasa sikiliza. Tangu wasikie kwamba nitapanda ndege, wenzangu hawanipi nafasi ya kuvuta pumzi. Wananituma nikuulize. Yule bibi wa kukunja anataka kujua chuma kizito vile kinakaaje hewani na hakuna kilichokishika. Mzee wa boila anauliza injini zikizimika huko juu, inaanguka kama jiwe au inakuwaje. Na huyu binti mpya wa sabuni amesikia kwamba mtu akichanganyikiwa anaweza kufungua mlango safarini, wote wakanyonywa nje. Mimi mwenyewe sina shida na mambo hayo. Nijibu tu ili wanyamaze.

Mwambie Chiriku asikae penye upepo na asinyanyue ndoo. Na mbona ameniandikia mistari mitatu? Huyu ndiye aliyekuwa akijaza karatasi mpaka pembeni, halafu anageuza anaandika juu ya aliyokwisha kuandika. Nadhani mtoto hampi nafasi.

Mama


Tarehe 5 Machi

Mama,

Shikamoo. Chiriku ndiye aliyenisomea barua yako, na mara mbili alilazimika kupumzika kwa kucheka.

Mwambie bibi wa kukunja hivi. Bawa la ndege halikulala sawasawa. Mbele limeinuka kidogo na mgongo wake umepinda. Ndege ikikimbia, bawa linaisukuma hewa kwenda chini, na hewa nayo inalisukuma bawa kwenda juu. Akumbuke shuka mlilolianika siku ya upepo, linavyovimba na kuvuta kamba mpaka nguzo inalia. Hewa haionekani, lakini mkilishika shuka lile wawili mnajua kuna kitu kinachowashinda nguvu. Ndege imebebwa na hiyo hiyo, mradi isiache kwenda.

Mzee wa boila naye, mwambie kazi ya injini ni kusukuma mbele. Kinachobeba ni mabawa. Injini moja ikizimika, iliyobaki inatosha kuifikisha ndege chini salama. Zikizimika zote, jambo ambalo mafundi wenye mvi hapa karakana hawajawahi kuliona, ndege inateremka pole pole kama baiskeli kwenye mteremko mrefu, hukanyagi lakini unakwenda. Ikianzia juu kabisa inaweza kupita zaidi ya kilomita mia moja huku rubani akitafuta pa kutua. Haianguki kama jiwe.

Kuhusu mlango: huko juu hewa ya nje ni nyembamba mno, kwa hiyo ya ndani inashindiliwa ili watu wapumue. Hewa hiyo iliyoshindiliwa ndiyo inayoubana mlango kwenye fremu yake. Hata wangeushika wanaume wa boila wote, usingefunguka.

Nadhani sasa wameridhika. Tafadhali Mama, niambie tarehe. Mimi nipo tayari kusogeza tiketi siku yoyote utakayotaja.

Mama, ni mimi tena. Bibi wa kukunja hana haja na mabawa. Nakujua. Njoo hivyo hivyo.

Mkweo,
Fundi


Tarehe 19 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Chiriku asinisingizie. Bibi wa kukunja amefurahi sana kuhusu shuka, na sasa siku za upepo anatoka nje kutazama kamba kama mtu anayetazama sinema.

Wamebakiza machache. Radi ikiipiga ndege inakuwaje. Kwa nini inatikisika mpaka watu wanamwaga chai. Vyoo vinamwaga wapi, maana binti wa sabuni anaishi njiani zinakopita na ana wasiwasi na bati lake. Na kwa nini wanazima taa ndani wakati wa kutua gizani, wanaficha nini?

Halafu nimefikiri jambo. Ninyi mmezoea hizo ndege. Wewe unashinda chini yake na spana, Chiriku alikwenda nazo huko na hakufa. Kwa nini asije yeye na mtoto? Chumba chake kipo kama alivyokiacha. Nitamkanda, nitamlea, atarudi kwako amenenepa. Itakuwa rahisi kuliko kumhangaisha mtu mzima mwenye mguu mbovu.

Mwandiko wake umelala upande mmoja. Anaandikia kitandani?

Mama


Tarehe 31 Machi

Mama,

Shikamoo.

Radi huzipiga ndege, na si jambo la ajabu. Umeme unaingia ncha moja, unatembea juu ya ngozi ya ndege na kutokea ncha nyingine. Ikitua tunaikagua, na mara nyingi tunakuta kialama kama cha pasi iliyosahaulika kidogo. Abiria wa ndani wamesikia mlio tu.

Kutikisika ni hewa isiyokwenda sawa, kama gari kwenye barabara yenye mawimbi. Ukichungulia utaona mabawa yanapanda na kushuka. Usishtuke, yametengenezwa yapinde. Kiwandani huyapinda zaidi kuliko hewa yoyote inavyoweza. Ndiyo maana unaambiwa ufunge mkanda, kwa ajili ya kichwa chako na si kwa ajili ya bawa.

Choo kina tangi lake, na tukitua linakuja gari la kulinyonya. Bati la binti lipo salama.

Taa huzimwa ili macho yazoee giza. Ikitokea watu wanatakiwa watoke haraka, waone njia. Ni tahadhari tu, kama mnavyoweka ndoo ya mchanga karibu na boila.

Kuhusu Chiriku kuja huko, haiwezekani kwa sasa. Mtoto ni mdogo mno kwa ndege, masikio yake hayajakomaa. Daktari ndiye aliyesema.

Mama, nimesogeza tiketi iwe tarehe 17 Aprili. Sikukuuliza, unisamehe. Nitasimama kwenye mlango wanakotokea wasafiri, nitakuwa na koti la kazi la rangi ya chungwa ili unione. Nakuomba, na sikuombi mara nyingi.

Mama, ni mimi. Njoo.

Mkweo,
Fundi


Tarehe 17 Aprili

Mkwe wangu,

Nakuandikia nikiwa nimelala. Nimepata homa ya ghafla jana jioni, mwili wote unauma, nisingeweza kusafiri. Hilo la taa na giza afadhali usingeniambia, lakini si hilo, ni homa. Nikipona nitakuarifu tuweke tarehe nyingine.

Mpe pole Chiriku kwa kunisubiri.

Mama


Tarehe 18 Aprili

Mama,

Nilisimama pale mlangoni mpaka wa mwisho akatoka. Baada yake wakatoka wahudumu wanavuta mabegi yao, kisha marubani. Mmoja ananifahamu, akaniuliza namsubiri nani, nikamwambia mama.

Nilipiga simu ofisini kwenu. Msimamizi akasema uliaga jana yake na wenzako walikuimbia wimbo. Sijui kama umepata ajali njiani au vipi. Tafadhali andika, au nenda kwa msimamizi upige simu, hata maneno mawili.

Fundi


Tarehe 3 Mei

Mkwe wangu,

Sikuwa na homa.

Nilifika uwanjani mapema kuliko wote. Begi langu lilipimwa, nikaliona linaondoka kwenye mkanda na kuingia kwenye tundu la ukutani. Nilikaguliwa, nikavua viatu, nikavaa. Nilikwenda mpaka kwenye vile viti vya mwisho, penye kioo kikubwa, na nikaiona imesimama hapo nje, watu wadogo wanatembea chini yake. Walipoita niliinuka na wenzangu, nikapanga foleni. Ilipofika zamu yangu yule kijana alinyoosha mkono apokee karatasi. Miguu yangu ikageuka. Sikuiamuru. Iligeuka kama ya mtu mwingine, nikajikuta narudi nilikotoka, huku mtu ananifuata anauliza kama nimesahau kitu.

Walilazimika kulitoa begi langu tumboni mwa ndege. Wote waliokuwa wamekaa humo walichelewa kwa ajili yangu. Nilikaa kwenye benchi nje mpaka nikaisikia inaondoka.

Kazini nimewaambia nilikosa nafasi. Bibi wa kukunja hakuniuliza, akaniletea maji. Maswali yale hakuna aliyeyauliza isipokuwa mimi. Nadhani mlijua tangu mwanzo.

Sasa na wewe niambie. Wiki iliyopita muuguzi wa wodi ya wazazi alikuja kuchukua mashuka, nikamweleza habari ya masikio ya mtoto. Akanitazama. Akasema watoto wa wiki chache wanasafiri kila siku, hakuna daktari anayekataza mtoto wa miezi mitatu. Nimekaa na neno hilo siku zote hizi. Umenieleza habari za mabawa na radi na vyoo bila kunidanganya hata mara moja, kwa sababu nimewauliza watu na kila kitu ni hivyo hivyo. Hili moja tu ndilo ulilonidanganya. Kwa hiyo asiyeweza kusafiri si mtoto.

Mnanificha nini? Mwanangu ana nini?

Mama


Tarehe 9 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako ya homa imefika. Sijui kama umepona. Nakuandikia kitu ambacho Chiriku amenikataza, na yuko chumba cha pili amelala, kwa hiyo naandika pole pole ili asisikie kalamu.

Ni moyo. Ulianza wiki ile ile aliyojifungua. Alikuwa akikosa pumzi, tukadhani ni uchovu wa uzazi, miguu ikavimba, tukadhani ni kusimama. Daktari akatuonyesha kwenye picha: moyo umetanuka kama mfuko uliovutika, unapiga lakini hausukumi damu inavyotakiwa. Alisema huwatokea baadhi ya wazazi na haijulikani kwa nini. Wapo wanaopona. Yeye dawa zilimsaidia Machi, kisha zikaacha. Sasa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali anahisi anazama.

Uliuliza kwa nini asije yeye. Hewa ya ndani ya ndege, hata ikishindiliwa, ni kama ya juu ya mlima mrefu. Mimi na wewe hatutaitambua tofauti yake. Moyo wake usingeiweza. Daktari alikataa kabisa, na mimi nikamsingizia mtoto.

Alinikataza kukwambia kwa sababu anakujua. Alisema, "Mama akijua ataanza kulia huko huko, na akilia hatapanda. Mwache aje kwa furaha ya mtoto. Akishafika ataona mwenyewe." Mimi sikukubaliana naye, lakini mgonjwa ni yeye, na mama ni wake. Nilifanya alivyotaka. Kila swali ulilouliza nililijibu kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Nilidhani nikilijibu vizuri hutakuwa na lingine.

Tarehe 17 alimwomba jirani amsuke. Akaoga, akavaa lile gauni la buluu ulilomshonea, akatoka kitandani akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mtoto mapajani, ili ukiingia usimkute amelala. Niliporudi peke yangu alinitazama usoni, akaniuliza kama ndege imechelewa. Nikasema ndiyo. Alikaa pale mpaka usingizi ukamchukua kwenye kiti.

Sikuambii haya ili uumie. Nakuambia kwa sababu sina tena njia nyingine ya kukuomba. Usisubiri kupona, njoo na hiyo homa.

Mkweo,
Fundi


Tarehe 2 Juni

Mkwe wangu,

Barua yako ya tarehe 9 Mei imeletwa jana. Posta waliipeleka kwanza mtaa mwingine. Kwa hiyo nimeisoma nikiwa nimekwisha kumzika mwanangu, nikiwa nimekwisha kukutukana makaburini mbele ya watu, na wewe umekwisha kurudi huko na mtoto.

Niliyoyasema pale niliyasema. Nilisema umenizika nikiwa hai, kwa kunificha. Watu wakanishika. Wewe ulisimama tu na mtoto begani, hukunijibu hata neno, nami nikaona kunyamaza kwako ni kiburi. Sasa nimesoma habari ya gauni na kiti. Ulikuwa nazo mdomoni siku ile, ungeweza kunitupia mbele ya umati nikaanguka. Hukunitupia. Sijui nikushukuru au nikuchukie kwa hilo.

Kazini nimerudi. Wamenipa mashine ya pembeni, ile ya mataulo, ambayo haihitaji akili. Hakuna anayezungumza nikiwepo. Chumba cha pasi kikinyamaza unasikia mvuke tu.

Nina maswali. Haya ni yangu, simsingizii mtu.

Alikaa wapi ndani ya ndege iliyomleta? Walimweka pamoja na mabegi ya watu? Kulikuwa na baridi? Ulisema hewa ya nje ni nyembamba, je, huko chini alikokuwa wanashindilia hewa, au wanashindilia ya watu wa juu tu? Najua hakuwa anapumua. Nijibu hivyo hivyo. Nani alimbeba kumwingiza? Na wewe ulikuwa umekaa karibu naye au mbali?

Mama


Tarehe 16 Juni

Mama,

Shikamoo. Niliporudi nilikuta barua yako ya tarehe 3 Mei imesukumwa chini ya mlango, ile uliyouliza mwanangu ana nini. Niliisoma nimesimama, mtoto amelala begani. Chiriku alifariki bila kujua kwamba ulifika mpaka kwenye foleni. Ningefurahi angelijua. Nadhani angecheka kuhusu begi.

Nakujibu.

Alikuwa sehemu ya mizigo ya mbele, chini ya sakafu, kidogo tu mbele ya mabawa. Pale ndege haitikisiki sana. Jeneza linawekwa peke yake, hakiwekwi kitu juu yake, na linafungwa kwa mikanda kwenye sakafu ili lisisogee wakati wa kuruka wala kutua. Mabegi yalikuwa upande wa pili wa wavu.

Hewa ni ile ile. Ndege yote imeshindiliwa pamoja, juu na chini, kama chupa moja. Watu wengi hawajui hilo. Baridi ilikuwepo kidogo, kama chumba kilichofunguliwa madirisha asubuhi, lakini si ile ya nje. Ya nje ingegandisha maji kabla hujayameza. Yeye hakuipata hiyo.

Waliomwingiza ni wenzangu wa karakana na wapakiaji wa zamu ile. Walivua kofia. Niliomba nifunge mkanda wa mwisho mimi mwenyewe, msimamizi akaniruhusu ingawa si kazi yangu. Nilikagua na matairi. Sikuwa na haja, yalikwisha kukaguliwa, lakini mikono ilitaka kufanya kitu.

Mhudumu alipojua, alinihamisha akanikalisha juu ya mahali pale, kwa makadirio yake na yangu. Kati yetu kulikuwa na zulia, mbao na bati jembamba. Wakati wa kushuka mtoto alilia kwa ajili ya masikio. Akinyonya, masikio yanafunguka, lakini nilishindwa kushika chupa. Abiria wa pembeni, mwanaume ambaye sikumjua, alimchukua akampa chupa mpaka tukagusa ardhi.

Nilikuwa nimekukasirikia, Mama. Tulipokuwa tunatua nilikuwa naomba usiwepo uwanjani. Ulikuwepo, kwenye lango la mizigo, umevaa sare ya kazi. Ndiyo maana sikukujibu makaburini. Nilikuwa na maneno, na yangetoka mabaya.

Mtoto ameanza kukaa, akiegemezwa. Jirani wa chini anahamia kwa mwanawe mwisho wa Julai. Sikwambii ili uje. Nakwambia kwa sababu ndiyo habari iliyopo.

Fundi


Tarehe 11 Julai, ndani ya ndege

Mwanangu,

Mwandiko ni mbaya kwa sababu ya hiki kimeza kinachokunjuka kutoka kwenye kiti cha mbele. Si kwa sababu ya woga. Woga nilikuwa nao, sasa umeisha.

Nimekaa dirishani. Sikuomba, ndicho nilichopewa. Pembeni yangu kuna mama mmoja mfanyabiashara, alivua viatu, akajifunika, akalala kabla hata hatujaondoka. Nilitaka kumwamsha nimuulize anawezaje. Nilipofika kwenye yule kijana anayepokea karatasi, miguu ilianza tena mchezo wake. Nikasimama pembeni, wengine wakapita. Sikujiambia maneno yoyote ya ujasiri. Nilifikiri kwamba nikirudi nyumbani nitakuwa na jikoni na saa ya ukutani, basi. Nikampa karatasi.

Tumeruka. Kila ulichonieleza kilitokea kama ulivyonieleza na kwa zamu yake. Nchi ikawa ndogo, kisha mawingu, kisha jua ambalo sikujua lipo huku juu wakati chini kulikuwa na mvua. Mhudumu akaniletea maji, akaniuliza kama nataka na barafu. Nikasema ndiyo. Nikanywa. Hapo ndipo niliponyanyuka nikaenda chooni, nikajifungia, nikalia mpaka wakagonga.

Ilikuwa rahisi. Hilo sikulitegemea na sijui nitalipeleka wapi. Kama lingekuwa jambo gumu, kama ningeona kwamba kweli nilikimbia kitu cha kukimbiwa, ningejisamehe kidogo. Lakini ni kukaa tu. Mtu anakaa kwenye kiti, anafunga mkanda, anapewa maji, na baada ya muda mfupi kuliko zamu yangu ya mashuka anakuwa ameshafika mlangoni kwa mwanawe aliyevaa gauni la buluu. Nimekokotoa kila namna na haipungui.

Nataka ujue nilivyo, kwa sababu tutakaa nyumba moja. Bado sijakusamehe kunificha. Baadhi ya siku naona ulifanya alivyotaka mke wako, na ndivyo mume anavyopaswa. Siku nyingine naona kwamba ungeniandikia neno moja tu, "anakufa", ningekuja kwa miguu. Halafu najiuliza kama kweli ningekuja. Wewe nawe sidhani umenisamehe kile kiti kilichowekwa mlangoni. Usijilazimishe. Kuna watu wanaishi miaka pamoja na jambo kama hilo katikati ya meza, wanakula pembeni mwake.

Kazi nimeacha, na mafao yake ndiyo yaliyonunua tiketi hii, kama nilivyokwambia kwenye simu. Wamenipa shuka jipya kama zawadi, wote wametia sahihi pindoni kwa kalamu isiyofutika, msimamizi amepiga kelele kwamba ni mali ya hospitali, kisha naye akatia sahihi.

Wanasema tutaanza kushuka. Masikio yameziba. Yule mama wa pembeni ameamka, amenipa peremende bila kuniuliza.

Barua hii nitakupa mkononi, kwa sababu mdomoni haitatoka. Usiisome mbele yangu. Iweke mfukoni mwa hilo koti lako la kazi, nipe mtoto kwanza.

Mama